Mjenzi Hachezi

Kwanza tuelewane. Bi Vilima hakuwa mtu wa kuchezea udongo. Wifi yake ndiye aliyeyaeneza maneno hayo mtaa mzima, kwamba mke wa kaka yake, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye wajukuu, anashinda chumba cha uani akifinyanga vilima na kuvipaka rangi. Eti kufinyanga. Mtu aliyewahi kukata ubao hata mmoja ukakaa mraba, pembe zote nne, hawezi kutamka upuuzi wa namna hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wapo watu wanaopigana vita mezani. Wana askari wadogo wa plastiki, wafupi kuliko kidole gumba, wamewapaka rangi wenyewe mpaka vifungo vya makoti, na wanawapiganisha kwa dadu na futi ya kupimia. Sasa vita havipiganwi juu ya meza tupu, vinataka ardhi. Ardhi hiyo ndiyo aliyoijenga Bi Vilima: vipande kumi na viwili vya mraba, kila upande sentimita sitini, na juu yake vilima, barabara, magofu na mashamba. Kilima hata wewe unaweza kukijenga. Shughuli iko pembeni. Barabara zake zote zilitokea katikati ya ukingo, sentimita thelathini kamili kutoka kwenye pembe, kimo kimoja, rangi moja, kiasi kwamba ungekigeuza kipande utakavyo na kukisogeza utakako, barabara ingeikuta barabara mwenzake bila kukosea hata upana wa ukucha.

Chini ya kila kipande kulikuwa na plaiwudi iliyopigiwa fremu ya mbao. Juu ya plaiwudi alibandika lile povu jeupe linalofungiwa mafriji, alilopewa bure na wauza mafriji waliokuwa wakilitupa. Alilikata kwa kisu chembamba, akalipaka gundi nyeupe ya mbao, akamwagia mchanga aliouchekecha mara tatu, akaacha siku nzima ukauke. Ndipo akaja na rangi: nyeusi iliyochanganywa na kahawia kwanza, kisha nyepesi, kisha nyepesi zaidi kwa brashi iliyokaushwa kwenye kitambaa mpaka ikabaki na rangi ya kugusia tu migongo ya mawe. Halafu alikipindua kipande na kukipaka rangi chini pia, mahali ambapo hakuna atakayepaona milele. Wifi yake alimwona akifanya hivyo akapiga makofi ya mshangao, akasema huku ndiko kuchanganyikiwa kwenyewe sasa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kabla ya vilima alikuwa mchora vibao vya maduka. Nusu ya vibao vya mtaa ule vilitoka mkononi mwake, herufi zake zilikuwa na kiuno na mabega, na kichwa alichomchorea Kinyozi ukutani kilikuwa na njia ya nywele iliyonyooka kuliko zote alizowahi kuzichonga Kinyozi mwenyewe. Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, mkono wake ukakosa kazi. Kinyozi ndiye aliyemwita siku moja kwenye ukumbi wa kukodi ambako chama chao cha wachezaji kilikutana kila Jumamosi. Aliwakuta watu wazima wenye kazi zao wakipigana juu ya shuka, na vitabu vimesukumwa chini ya shuka ndiyo milima.

"Mnapigana kitandani?" akawauliza.

Walicheka, lakini yeye hakucheka. Ilimuuma kweli, kuona askari waliopakwa rangi kwa uangalifu ule wamesimama juu ya maua ya shuka. Wiki iliyofuata alirudi na kipande cha kwanza kwapani.

Miaka tisa ikapita hivyo. Na katika miaka hiyo Bi Vilima alijitengenezea jeshi lake. Askari sitini na wanne, makoti ya kijani, mikanda myeupe, kila mmoja na uso wake. Lilimchukua miaka mitatu. Likakaa kwenye kabati la vioo sebuleni, pembeni ya vikombe vya wageni, na halikupigana hata siku moja. Wachezaji waliokuja kwake walilisifu wakanywa chai wakaondoka. Huo ndio mwiba uliokuwa ukimchoma, na yeyote aliyedhani kwamba mwiba huo umezoeleka alikuwa hamjui mwenyewe.

Kilichomzuia ni kanuni ya kumi na moja katika daftari la chama: mjenzi hachezi juu ya ardhi aliyoijenga. Ilitungwa na mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu aliyeitwa Mwalimu hata na wasiopata kusoma kwake, mtu wa kuongea na watu watatu kana kwamba amesimama mbele ya shule nzima. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Aliyejenga ardhi anajua kila shimo, anajua wapi askari atajificha asionekane, kwa hiyo ana faida kuliko mwenzake. Mwaka ule wa kwanza, chama kilipokuwa na kipande kimoja cha Bi Vilima na shuka kadhaa, kanuni ilimzuia meza moja tu. Lakini yeye aliendelea kujenga. Shuka zikaondoka, vipande vikafika kumi na viwili, na kanuni iliyomzuia meza moja ikawa inamzuia zote. Kadiri alivyowafanyia kazi ndivyo alivyojifungia mlango.

Aliuliza mwaka wa kwanza, akauliza wa tatu, akauliza wa sita. Kila mara Mwalimu alitabasamu akamjibu kwa methali ile ile: mwamba ngoma huvutia kwake. Bi Vilima akarudi kwenye kiti chake ukutani, na chupa yake ya gundi, akingoja mtu avunje kitu akirekebishe.

Mwaka wa tisa karatasi ya mashindano makubwa ilibandikwa mlangoni mwa ukumbi wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Wachezaji walijiandikisha kwa penseli. Bi Vilima alichukua penseli naye, akajiandika chini ya jina la Nesi, mwanamke wa hospitali aliyekuwa mchezaji hatari kuliko wanaume wote wa pale. Aliliandika jina lake kwa herufi zake za vibao vya maduka, zenye kiuno na mabega.

Mwalimu aliliona. Hakugomba wala hakupandisha sauti. Alitoa ufutio mfukoni, akalifuta taratibu herufi moja moja, akapuliza vumbi la ufutio, akamgeukia.

"Unajua kanuni, Bi Vilima. Sisi tunakuheshimu sana kama fundi wetu."

"Mimi si fundi wenu," akasema. "Mngekuwa mmeniajiri ningekuwa fundi wenu. Mimi ni mwanachama, na nina jeshi."

"Na ardhi ni yako. Ndiyo shida."

"Ardhi ni yangu?"

"Si umeijenga wewe?"

Bi Vilima akaenda kwenye meza ya kwanza, ambako watu wawili walikuwa katikati ya mchezo, akawaomba radhi, akawaomba wawaondoe askari wao. Walipoelewa anachofanya alikuwa ameshabeba vipande viwili. Alivitoa vyote kumi na viwili, safari sita kwenda na kurudi, na hakuna aliyethubutu kumsaidia wala kumzuia. Mumewe, dereva mstaafu aliyempeleka kila Jumamosi kwa pikapu yao kuukuu, alikuwa amelala kwenye usukani na kofia usoni. Alimgongea kioo.

"Wamemaliza mapema leo?" mzee akauliza.

"Mimi ndiye niliyemaliza. Ardhi yangu inarudi nyumbani."

Nyumbani wifi alikuwa barazani akichambua mchele. Alipoona vipande vinaingia mchana kweupe alijua kuna jambo, na wifi akinusa jambo huwezi kumlaza njaa. "Watoto wenzio wamekufukuza?" akasema. "Wamesema umezidi umri?"

Utani wa wifi una siku zake, na siku hiyo haikuwa mojawapo. Bi Vilima aliweka kipande chini akaeleza yote, tangu penseli mpaka ufutio na vumbi lililopulizwa. Alikuwa na hasira kweli. Mumewe alimwacha amalize.

"Sasa mke wangu, unataka nini hasa? Sema nijue nikuunge mkono kwa lipi."

"Nataka kukaa upande wa meza wanaorushia dadu. Basi. Hata nikipigwa, nipigwe nimekaa pale."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Aliyeshangaza watu ni wifi. Alisukuma ungo pembeni. "Amekufuta kwa ufutio? Wewe? Mbele ya watu?" Akageukia vile vipande alivyovicheka miaka tisa. "Sikiliza wifi yangu. Hiki mnachofanya huko sikielewi na sina haja ya kukielewa. Lakini wakija hapa, usiwape hata mchanga."

Wiki ya kwanza hakuja mtu. Chama kiliamua kujijengea ardhi chenyewe. Habari aliileta Kinyozi, siku ya kumi, na alipofika mlangoni alikuwa anacheka kiasi cha kushika ukuta.

"Mama, naomba maji kwanza," akasema. "Mwalimu ametuua."

Mwalimu, kumbe, alisimamia kazi mwenyewe. Alitafuta povu, akalikata kilima kizuri tu, akalibandika. Kisha, kwa kuwa hakutaka kupoteza muda na brashi, akanunua rangi ya kopo, ile ya kupuliza wanayopakia magari, akapuliza mbele ya kamati nzima akieleza faida za teknolojia. Fundi yeyote wa vilima angemwambia kwamba rangi ile hulila povu. Kilima kilianza kuzama huku bado anaeleza. Kiliyeyuka kama sukari kwenye chai, kikabaki shimo lenye utando mweusi. Wakajenga cha pili, safari hii kwa brashi na rangi ya maji. Lakini walipaka juu tu. Kufikia asubuhi plaiwudi ilikuwa imejikunja, katikati imeinuka, na kila askari waliyemweka aliteleza polepole mpaka ukingoni akaanguka kifudifudi.

"Nesi akasema vita vimekwisha, wote wamejiua," Kinyozi alimalizia.

Bi Vilima alicheka kidogo. Wifi alicheka sana, kisha akaja pembeni akauliza kwa sauti ya chini kwa nini imejikunja, na akaelezwa: upande mmoja ukipakwa rangi ya maji huvimba, na usiopakwa haujui kuvimba. Wifi akaikumbuka siku ile aliyopiga makofi.

Siku tano kabla ya mashindano walikuja watatu: Mwalimu, Kinyozi na Nesi. Walikalishwa sebuleni, mbele ya kabati la vioo, na wifi akaleta chai akabaki amesimama mlangoni na sinia, hatoki. Mwalimu alianza mbali. Akagusia mshikamano, akagusia kusameheana, na mwisho akasema chama kimeamua kumpa Bi Vilima cheti cha heshima, kitakachosomwa mbele ya wote.

"Cheti naweza kujiandikia mwenyewe, Mwalimu. Tena kwa mwandiko mzuri kuliko wenu."

"Basi unataka nini?"

"Kucheza."

"Bi Vilima, tumeshalijadili. Mwamba ngoma huvutia kwake."

"Nimeiwamba miaka tisa," akasema, "na mmeicheza nyinyi. Hata siku moja sijaivutia kwangu. Hizi barabara unafikiri nimezitoa zote katikati ya ukingo kwa kupenda kupima? Ni ili vipande vipangwe kwa dadu. Kila mchezo ardhi mpya. Hakuna anayejua kilima kitaangukia wapi, hata mimi."

"Lakini unavijua vyenyewe. Mashimo yake."

Hapo Nesi aliweka kikombe chini. "Mwalimu, mimi nimepigana juu ya vipande hivyo miaka mitano. Hakuna shimo nisilolijua. Na mimi nisicheze?"

Mtu aliyeongoza shule miaka thelathini akikosa jibu hutafuta masharti. Akasema sawa, iwe majaribio. Acheze mashindano haya. Ikionekana kwamba ujenzi unampa faida, kanuni inabaki na hatauliza tena maisha yake yote. Isipoonekana, inafutwa.

"Maisha yangu yote," Bi Vilima akasema. "Nimekubali."

Mumewe alimtazama kwa jicho la kumtahadharisha, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wageni walipoondoka aliwatoa askari wake kabatini mmoja mmoja, akawafuta vumbi.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Wifi alikuja, amevaa kama anakwenda harusini, akakaa kwenye kile kiti cha ukutani. Mchezo wa kwanza Bi Vilima alipangiwa Kinyozi. Dadu zikapanga vipande. Lengo lilikuwa njia panda ya katikati: atakayeikalia mwisho wa zamu ya nane ameshinda. Na mbele ya askari wa kijani, kati yao na njia panda, dadu zilikiweka kipande ambacho wengi walikuwa wanakiona kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kinamasi. Alikitengeneza upya katika zile wiki mbili za hasira, akapanda humo mafunjo kwa nyuzi za brashi kuukuu, zaidi ya mia tatu, akichovya kila moja kwenye gundi na kuisimamisha kwa kibano. Kanuni ziliruhusu kupita kinamasini, kwa mwendo wa nusu. Hata hivyo ndiyo ilikuwa njia fupi.

Bi Vilima hakuipita. Aliwapeleka askari wake sitini na wanne kuzunguka kwa barabara, zamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kinyozi alikuna kichwa, akidhani anategewa mtego. Kufikia zamu ya sita alikuwa amekalia njia panda na kujichimbia, na makoti ya kijani yakafika yamechelewa, yakapigwa yakiwa bado barabarani. Alipigwa vibaya. Yale macho yote yaliyokuwa yakisubiri kuona faida ya mjenzi hayakuona kitu.

"Mama, mbona hukukatiza kinamasini?" Kinyozi akauliza. "Ungenimaliza mapema."

Bi Vilima akasema ukweli. "Nimeyapanda moja moja kwa kibano. Ningeyavunja."

Watu walicheka, na kicheko hicho kilikuwa cha upendo zaidi, lakini kilimchoma. Mwalimu alisimama, akasafisha koo.

"Ndugu wanachama, nadhani tumeona. Nakiri, faida hana. Lakini tumeona pia kwamba kucheza si fani yake. Mchezaji anayehurumia majani! Mimi napendekeza, kwa nia njema tu, kila mtu abaki na karama yake."

Wifi alianza kuinuka, kaka yake, mumewe Bi Vilima, akamshika mkono. Bi Vilima hakuketi wala hakushusha macho.

"Mwalimu, miaka tisa sababu ilikuwa kwamba nitashinda. Leo sababu ni kwamba nimeshindwa. Chagua moja uishike, maana ukinitoa hapa nataka kujua ni ipi iliyonitoa."

Kinyozi alikuwa anatazama viatu vyake. Ni Nesi aliyechukua karatasi ya ratiba na kuisoma kwa sauti ya mtu anayeita mgonjwa wa pili: "Mchezo unaofuata. Bi Vilima. Na Mwalimu."

Basi wakakaa. Dadu zikapanga vipande upya, na bahati ikakirudisha kinamasi upande wake, pembeni kidogo, lakini bado kati yake na njia panda. Mwalimu alikitazama. Alikuwa ameona mchezo wa kwanza wote, na hakuwa mjinga. Alichukua askari wake bora, wapiga mizinga wake wote na wapanda farasi, akawapanga kwa makini kando ya barabara ya mzunguko, wote wameelekeza huko. Kinamasini hakuweka hata mlinzi mmoja.

Bi Vilima aliinama mpaka jicho lake likawa usawa wa mafunjo. Kutoka pale yalikuwa mazuri kweli, na hakuna mtu pale ndani aliyejua hilo kuliko yeye. Kisha akanyoosha futi yake, moja kwa moja, katikati ya kinamasi, akaanza kuwasogeza askari wake. Vitako vya plastiki walivyosimamia vilikandamiza nyuzi na nyuzi zikakatika. Kila mtu mezani alisikia. Kundi la kwanza lilipita, kundi la pili likapita juu ya njia ya la kwanza, na walipotoka upande wa pili nyuma yao pamebaki mfereji wa majani yaliyolala. Mbele yao njia panda ilikuwa tupu.

Mwalimu alitazama mizinga yake iliyokuwa ikilinda barabara isiyokuwa na mtu. Alitazama kinamasi.

"Bi Vilima," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongea kama aliyesimama mbele ya shule. "Mafunjo yako."

"Nitapanda mengine," akasema, akamsukumia dadu. "Zamu yako."